Jawani, Jangwani

Kwa karibu miaka ishirini nimekuwa nikisimulia kisa hiki harusini ili watu wacheke. Watu wakishamaliza biriani, wanawake wakishavua viatu chini ya meza, hakosi mtu wa kusema, "Mwanaidi, hebu tupe kile cha mwimbaji wa Bombay." Mimi hujifanya sitaki, nikabembelezwa, halafu nikakitoa, pamoja na sauti zake na mikono yake na jinsi alivyokuwa akinyanyua kidevu kama mtu anayenusa maziwa yaliyochacha. Nilikisimulia vizuri, sijisifu. Mwezi uliopita Pushpa, aliyekuwa mwenye nyumba wangu, alinitafuta kwenye Facebook, akanipigia simu na kuniambia kwamba mumewe amefariki, nyumba ya Acocks Green inauzwa, na katika kabati la marehemu mama mkwe wake amekuta kaseti iliyoandikwa jina langu. Nikaenda kuisikiliza. Tangu nirudi sijakisimulia tena kisa hicho, na hapa nakiandika jinsi kilivyokuwa, si jinsi kilivyozoea kuchekesha.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilifanya kazi Saltley, katika kiwanda cha kufunga sambusa zilizogandishwa, na nilipanga chumba cha nyuma, ghorofani, katika nyumba ya Pushpa. Pushpa ni Mhindi mzaliwa wa Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha watoto wetu wengi waliozaliwa huku kwa Waingereza. Siku niliyokwenda kuona chumba alinipitisha jikoni kwanza. "Chumba ni chako, dada, bathroom tuna-share," akasema, "lakini humu hakuna nyama, hakuna samaki, hata yai. Mama mkwe akinusa samaki, drama yake utaisikia mpaka Tanga." Basi samaki wangu nikawa nakula Alum Rock Road baada ya kazi, nasukutua mdomo, natafuna peremende, ndipo napanda basi kurudi. Chumba kilikuwa na kitanda, meza moja na ukuta mwembamba ajabu. Upande wa pili wa ukuta alikaa huyo mama mkwe, na Pushpa aliponitajia jina lake, huku akimenya viazi kama anayetaja jina la mtu yeyote, ilinibidi nivute kiti nikae. Alikuwa Bi Nirupama.

Aliyekulia Ng'ambo, Unguja, enzi zangu, hahitaji kuelezwa. Sauti ya Bi Nirupama ilitoka kila dirisha. Sura yake hatukuijua, maana hakuwa mwigizaji. Alikuwa katika wale waimbaji wanaoingia studio wakaimba, kisha msichana mzuri akafungua na kufumba mdomo mbele ya kamera, na watu wakamlilia msichana. Nyimbo zake tulizihifadhi zote bila kujua neno moja la Kihindi. Ulikuwepo mmoja hasa, ambao karibu na mwisho sauti inapanda, inapanda tena, mpaka inafika mahali tulipokuwa tukifumba macho, na pale juu kabisa kulikuwa na neno ambalo mtaa wetu mzima uliliimba "jangwani". Hatukuwa na shaka. Katika filamu yenyewe msichana amesimama bustanini, kando ya maji yanayoruka, nasi tukaamua kwamba bustani anaiota tu, mwenyewe yuko jangwani anakufa kiu. Tulimhurumia sana.

Wiki ya pili tangu nihamie nilikuwa nakunja nguo zangu huku nikiuimba wimbo huo. Nilipofika pale juu, ukuta uligongwa mara tatu. Nikanyamaza. Baadaye kidogo Pushpa akaja kuniambia naitwa. Chumba cha Bi Nirupama kilinukia karafuu, kwa sababu daima alikuwa na punje moja shavuni kwa ajili ya koo. Alikuwa mdogo wa mwili, mwenye miaka sabini na kitu, amekaa kitandani na shali mabegani, na mbele yake kile kinanda cha Kihindi kinachovutwa upepo kwa mkono. Aliniambia kwa Kiingereza niimbe tena. Nikaimba. Nilipofika "jangwani" alicheka, akacheka mpaka akakohoa, ikabidi Pushpa amletee maji ya moto.

"Jawani," akasema alipopata pumzi. "Ja-wa-ni. Maana yake ujana. Msichana anasema ujana wangu haurudi. Wewe unasema nini?"

Nikamweleza jangwani ni nini. Akacheka upya. Kisha akaacha kucheka ghafla, akanitazama shingo, si uso, kama mama anayechagua kuku. "Pumzi unavuta pale ninapovuta mimi," akasema. "Kona unakata pale ninapokata mimi. Sauti yako yote ni yangu. Makosa tu ndiyo yako." Nilirudi chumbani nisijue kama nimesifiwa au nimetukanwa. Kuanzia siku hiyo aliniita Tota, neno ambalo Pushpa alinifasiria kwa furaha: kasuku.

Kupitia ukuta ule nilisikia jinsi sauti inavyokufa, na nakiri kwamba nilisikiliza kwa hamu. Kila asubuhi alianza na noti moja ndefu. Zamani noti kama ile aliinyoosha ikanyooka. Sasa ilianza sawa, ikafika katikati, ikaanza kutikisika kama kikombe juu ya friji. Juu hakukuwa na kitu tena, ila upepo na mkwaruzo. Katikati palikuwa na tundu, noti mbili tatu ambazo hazikutoka kabisa, akawa anaziruka kama anayeruka dimbwi. Chini tu ndiko kulikobaki sauti, na hiyo ya chini hakuwa nayo ujanani, ilikuja na uzee. Aliichukia. Kwenye kinanda alikuwa ameweka alama ya rangi ya kucha kwenye kile kibonyezo cheupe alichoanzia nyimbo zake enzi zake, na kila miezi michache, Pushpa aliniambia, mkono wake uliteremka hatua moja mbali na ile rangi. Mwaka ule alikuwa ameteremka hatua nne. Jumapili asubuhi redio moja ya Kihindi ya mjini ilikuwa ikipiga nyimbo za zamani, na wimbo wake ulipoanza alipiga kelele izimwe. Nilidhani inamuumiza. Siku moja Pushpa alinifasiria alichokuwa akimwambia mwanawe: "Mzime huyo. Kila nikifungua mdomo yeye amekwisha fika." Alikuwa anamsema yeye mwenyewe, yule wa kwenye redio.

Pushpa hakumhurumia hata kidogo. Jikoni, akisukuma chapati, alikuwa akiniigizia mazoezi ya asubuhi mpaka tukaegemea sinki kwa kucheka. "Kama mlango wa gereji," alisema. "Miaka kumi na tisa ananiambia chapati zangu ngumu. Sasa Mungu amemgeuzia koo." Nilicheka naye. Nilikula chapati zake na kucheka naye, kisha nikapanda juu na kusema "Yes, Auntie" kwa adabu zote.

Mwanzo wa majira ya baridi ikaja kamati ya wazee wapenzi wa filamu, wanaume watano waliovaa makoti ndani ya nyumba, wakala barfi, ile halua ya maziwa ya Kihindi, na kumwomba Bi Nirupama aimbe mara moja tu, Jumapili moja mchana, katika ukumbi wa jumuiya usio mbali na pale. Wimbo waliutaja kabla hawajamaliza chai. Ulikuwa ule ule. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, nikamsikia akikubali kwa sauti laini ya mwanamke anayeombwa kucheza ngoma. Walipoondoka aliniita juu, akafunga mlango. Alikuwa anazijua hila zote za waimbaji waliozeeka, akanitajia huku akikunja vidole: kushusha wimbo, kubadili mstari wa juu uende chini, kuwanyooshea watu kipaza sauti pale pagumu na kuwaambia imbeni nami, wakajiona wamepewa heshima. "Wote wanajua kwa nini tunafanya hivyo," akasema. "Wanapiga makofi kama wanaompigia mtoto aliyejifunga kamba za viatu." Hila yake yeye ilikuwa nyingine. Nyuma ya wapigaji muziki kutakuwa na pazia jepesi, nyuma ya pazia kutakuwa na kiti, na juu ya kiti nitakaa mimi. Mistari ya chini ataimba mwenyewe. Ya juu nitaimba mimi, yeye atafungua mdomo.

"Maisha yangu yote nimesimama nyuma, wasichana wazuri wakifungua midomo mbele," akasema. "Sasa ni zamu yangu kuwa msichana mzuri."

Nikamuuliza, je, watu watanijua? Niliuliza kwa aibu, lakini niliuliza, kwa sababu hicho ndicho nilichokitaka kuliko kitu chochote mwaka ule. Nilikuwa na sauti, nilijua ninayo, na hapakuwa na mtu aliyekuwa ameisikia isipokuwa sambusa. Nilitaka mara moja tu mtu aseme mbele ya watu: huyu ni Mwanaidi, sauti hii ni yake. Bi Nirupama alihamisha karafuu kutoka shavu hili kwenda lile. "Mimi nani alinijua?" akajibu, akafungua kinanda.

Alinifundisha wiki sita, kila siku nikitoka kazini. Alinisimamisha nikitazama ukuta, kwa kuwa uso wangu, alisema, unamharibia. Hakuniruhusu maji. Nikikosa alinigonga mgongoni kwa fimbo yake, si kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa choo. Neno "jawani" nililiimba labda mara elfu, na kila lilipotaka kuteleza likawa "jangwani" alisema "Afrika" na kuanza upya. Wageni wakija aliniita nishuke. Niliimba katikati ya sebule nikiwa na sare ya kiwandani inayonuka mafuta, na nilipomaliza aliwaambia kwa Kiingereza, "Haelewi hata neno moja," wakashangaa, wakacheka, na mama mmoja akanilisha kipande cha barfi kwa mkono wake. Nilikitafuna. Kilikuwa kitamu, na hilo nalo liliniudhi.

Mimi nami sikuwa malaika. Niligundua kwamba Jumapili asubuhi, redio ikishazimwa, akianza noti yake ndefu kule chini, ninaweza kukaa kitandani kwangu, nikaelekeza mdomo kwenye ukuta na kuimba wimbo ule ule juu, pale penye alama ya rangi ya kucha. Nilifanya hivyo mara ya kwanza kwa bahati mbaya. Mara nyingine zote nilifanya kwa makusudi. Aliacha kuimba kila mara. Nilikuwa nahesabu ni muda gani anakaa kimya, na kimya kikiwa kirefu nilikwenda kunywa chai nikiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi nzuri.

Alhamisi kabla ya onyesho nilimkuta Pushpa jikoni amesimama na kisu cha nyanya hewani, anasikiliza. Bi Nirupama alikuwa sebuleni, anaongea Kihindi kwa simu na mpiga tabla, yule wa ngoma za onyesho. Nilisikia "Tota". Nikamuuliza Pushpa anasema nini.

"Unataka nikuambie?" akasema.

"Niambie."

"Anasema kasuku yuko tayari." Akasikiliza tena. "Anasema huyu msichana hana sauti yake mwenyewe, ni kopo tu, unaweka sauti unatoa." Akakata nyanya moja. "Anasema baada ya Jumapili hakuna mtu atakayejua kama ulikuwepo."

Nilikwenda juu nikafungasha nguo zangu. Nilikuwa na rafiki Ladywood aliyekuwa na kochi tupu, nikampigia simu nikamwambia nakuja Jumapili jioni. Sikulia. Nilikaa kitandani nikitazama ule ukuta na nikafikiri juu ya maneno yake ya siku ya kwanza, kwamba makosa tu ndiyo yangu. Nikaona, basi, nitampa kilicho changu.

Jumapili ukumbi ulijaa. Niliingizwa kwa mlango wa nyuma na begi langu, nikakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya pazia la kijani, kipaza sauti mbele yangu, nikimwona yeye kwa mgongo, sari nyeupe, shingo imenyooka. Kabla hajatoka alinijia, akatoa karafuu moja kwenye kitambaa chake akaniwekea kiganjani. Niliitupa chini ya kiti. Aliimba beti za chini kwa ufundi mkubwa, na mstari wa juu ulipofika niliupokea, watu wakapiga kelele za mshangao, mzee mmoja mbele akashika kichwa. Mara ya pili hivyo hivyo. Sijawahi kuimba vile tena maishani. Ukaja mstari wa mwisho. Sauti yangu ikapanda, ikapanda tena, ikafika pale wanapofumba macho, na pale juu nikaimba, wazi, kila herufi mahali pake, "jangwani".

Kwao lile neno halikuwa na maana yoyote. Na mdomo wa Bi Nirupama, mbele ya macho yao, ulikuwa umesema "jawani". Kwanza ilisikika minong'ono, kisha kicheko kimoja cha mwanamke, kisha ukumbi mzima. Wapigaji wakaacha kupiga mmoja mmoja. Niliona mgongo wake tu. Niliokota begi langu, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikapitia nyumbani kuangusha ufunguo kwenye tundu la barua, na kwenye kituo cha basi nilicheka peke yangu mpaka mama mmoja akasogea mbali nami. Hapo ndipo kisa changu cha harusini huwa kinaishia. Huwa namalizia kwa kusema kwamba tangu siku ile mwimbaji wa Bombay hakuimba tena, na hilo ni kweli, nilisikia kwa watu. Alifariki miaka miwili baadaye.

Nyumba ya Acocks Green sasa ni tupu, imebaki na maboksi. Pushpa amenenepa na nywele zake zimekuwa nyeupe. Tulikumbatiana, tukaulizana watoto na presha. Alinikalisha kwenye boksi la vyombo, katika kile chumba cha Bi Nirupama, akachomeka redio ya kaseti. Kwenye karatasi ya kaseti kulikuwa na neno la Kihindi lililokatwa kwa kalamu, Pushpa akanisomea, "Tota", na chini yake, kwa herufi za kizungu zilizotetemeka, MUWANAIDI. "Mpiga tabla ndiye aliyerekodi," Pushpa akasema. Kabla hajabonyeza, alikaa kidogo na kidole chake juu ya kitufe.

"Ile Alhamisi ya simu," akasema, "maneno mengine nilitia chumvi. I was so angry with her, Mwanaidi. Hasira haikuwa kwako, ilikuwa kwake yeye."

"Maneno gani?"

"Hilo la kasuku alisema."

"Na mengine?"

Akabonyeza kitufe.

Nilijisikia mwenyewe nikiimba. Mungu wangu, nilikuwa na sauti. Sasa nina miaka arobaini na saba na noti zile siwezi hata kuziota, najua ni wapi kwenye koo langu kuna tundu, najua jinsi ya kuliruka kama dimbwi. Nikasikia "jangwani" yangu, safi, ya dharau. Nikasikia kicheko nilichokikumbuka kwa miaka yote. Nikatabasamu, sikujizuia. Kisha kwenye kaseti kicheko kikapungua, maana mtu alikuwa anasubiri kipungue, na sauti ya Bi Nirupama ikasema kwa Kiingereza, kile chake cha kukata maneno, kwa hiyo safari hii sikuhitaji kufasiriwa na mtu.

"Neno mlilocheka si langu," akasema. "Ni la msichana aliye nyuma ya pazia hili. Siku ya kwanza nilimwambia makosa tu ndiyo yake. Nilisema uongo. Sauti mliyoipigia makofi nayo ni yake. Mimi nilikwisha imaliza yangu. Nilipanga kuwaambia mwisho wa wimbo, naye amenifupishia." Zikasikika pete za pazia zikivutwa kwenye chuma. "Jina lake Muwanaidi," akasema, taratibu, kama mtu aliyelifanyia mazoezi. "Muwanaidi. Toka, wakuone."

Nilikuwa nimekwisha simama. Sikujua nimesimama saa ngapi. Pushpa alinitazama kutoka kwenye boksi lake, akaniuliza nakwenda wapi.

Kwenye kaseti aliniita mara ya tatu. Viti vilisogezwa, mtu mmoja akakohoa, wawili watatu wakapiga makofi kisha wakaacha, halafu wakaanza tena kucheka, nadhani walikuwa wanakiona kile kiti cha plastiki kikiwa kitupu. Alisubiri kicheko hicho nacho. Kisha akamwambia mpiga kinanda kitu, kinanda kikashuka, kikashuka tena, na akauimba mstari ule yeye mwenyewe, kule chini alikokuchukia, kwa sauti iliyotikisika na yenye matundu, mpaka "jawani", na akalitamka vizuri. Nikabaki nimesimama vile vile mpaka kaseti ikaisha.